Pampu ya Kobe Imenyamaza

3 Februari

Shangazi yangu,

Shikamoo. Tafuta kiti ukae, maana anayekuandikia leo si yule kijana uliyemwacha. Duniani wapo watu wawili tu wanaoijua pampu ya maji: mimi, na huyo aliyetengeneza ya kwanza, na huyo wa pili angekuwa hai ningemwajiri anishikie bisibisi. Juzi nimepita mbele ya duka la vifaa vya mabomba, pampu zilizopangwa dirishani zikageuka kunitazama. Mwenye duka ni shahidi, ila ana wivu, atakataa.

Huku sote wazima. Baba, kaka yako, goti limepona, sasa analitembeza mtaa mzima akiwaeleza watu jinsi lilivyokuwa likiuma. Mama anasema sufuria lake kubwa uliondoka nalo. Hasemi uliiba, anasema tu uliondoka nalo. Mdogo wangu ameng'oka meno mawili ya mbele na bado anabishana na wakubwa.

Tuje kwenye lenyewe. Ulinikataza kupiga simu, ukasema simuni naongopa kabla hujaitika, bora karatasi, kalamu itanichelewesha. Haya, nimecheleweshwa. Kobe, gari lako la kulala, yupo uani pale pale ulipomwegesha ukaenda kwa Dada kutibiwa macho. Najua Dada anataka umwuze kwa yule bwana wa mabati, ang'olewe magurudumu, awe ofisi ya kukatia risiti. Tena najua rafiki yako Mama Chaki, mwalimu wangu wa zamani asiyenipenda, ameapa hapandi safari na wewe mpaka ahakikishe ataoga humo ndani akiwa wima, maji yakimshukia kichwani kama mtu mwenye heshima zake. Kwa hiyo roho ya Kobe iko kwenye pampu, na pampu iko mikononi mwangu. Lala usingizi.

Nimeikuta chini ya benchi la kulalia, ndogo kama mkate. Nimeosha chujio lake, ndani kulikuwa na mchanga, nywele na mguu mmoja wa mende. Mende mwenyewe sijui alikoelekea. Tangi nimelitia klorini, nimejaza, nimemwaga, nimejaza tena mpaka harufu ikakata tamaa. Kisha nikawasha swichi na kufungua koki. Shangazi, maji yalitoka kwa nguvu ya kuvunja kikombe, na pampu haikutoa hata mguno. Chini ya mikono ya fundi, chombo hakilalamiki.

Wako, Mkuu wa Maji Yote


20 Februari

Kidomo mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma kwa jicho moja, la pili limefungwa bandeji kama kifurushi cha posta, kwa hiyo majigambo yako nimepata nusu. Yamenitosha.

Hapa hatujambo. Dada yako ananilisha uji kana kwamba nimepasuliwa tumbo. Mtoto wake ameanza kutambaa na kila waya wa nyumba hii amekwisha kuuonja. Mwambie mama yako sufuria lipo, halijalia hata siku moja.

Sasa nina swali moja tu. Ile paipu ya kijani inayotoka kwenye bomba la uani, imechomekwa wapi?

Usinijibu, nakuona mpaka huku. Imechomekwa kwenye tundu la ubavuni mwa Kobe. Tundu lile ni la kutumia ukiegesha mahali penye bomba: maji yanaingia kwa nguvu ya nje, yanapita moja kwa moja mpaka kwenye koki, na pampu inalala. Hayo maji ya kuvunja kikombe yanasukumwa na idara ya maji, baba, si wewe. Hata mdogo wako asiye na meno angeyapata.

Ichomoe. Jaza tangi, halafu washa. Pampu yangu ikiwa nzima inanguruma kama mume aliyekuta chakula kimepoa. Ukifunga koki itanguruma kidogo, halafu itanyamaza yenyewe. Ikinguruma na hakuna aliyefungua koki, ujue maji yanavuja mahali, nenda ukatafute. Nimeendesha lori la mafuta nusu ya maisha yangu, nazielewa pampu kuliko ninavyowaelewa watu. Ya kuogopa ni ile isiyosema kitu.

Habari za macho hukuuliza. Vizuri, endelea hivyo hivyo.

Shangazi yako


12 Machi

Shangazi mwenye jicho moja linalopita ukuta,

Shikamoo. Nilikuwa nakupima. Nilisema moyoni, ngoja nione kama wamemfunga jicho tu au wamemfunga na akili. Umefaulu, hongera sana.

Nyumbani wazima. Baba amepata kikohozi, nalo goti limeona wivu, limeanza tena kuuma. Bosi wangu wa gereji anakusalimu, anasema tangu nianze kuvaa bisibisi sikioni kazi zake zinachelewa, lakini wateja wanafurahi kunitazama.

Paipu nimechomoa. Nikajaza tangi, nikawasha, nikafungua koki. Ikatoa pumzi moja kama mzee anayekaa kitini, basi. Nikafuata waya mpaka kwenye fyuzi, nikaikuta imeungua, sijui tangu enzi gani. Nimeweka nyingine. Ndipo Kobe akanguruma. Mama alitoka mbio jikoni kuanua nguo akidhani mvua inakuja.

Jumapili baada ya chakula nikajilaza kwenye benchi lililo juu ya pampu, kwa ukaguzi, macho nimeyafumba ili nisikie vizuri. Koki zote zimefungwa. Mara ikanguruma ikanyamaza. Punde tena. Nikakumbuka maneno yako, nikaingia chini ya sinki kichwa mbele, miguu ikabaki nje. Mdogo wangu akapita.

"Kobe amekumeza?"

"Niletee spana."

"Akimaliza kukutafuna viatu nichukue mimi?"

Kulikuwa na kiungio cha paipu kimelegea, kinadondosha tone moja moja. Nikakikaza. Nikakikaza tena, kwa sababu ya misuli. Kikapasuka, nikaoga bila kukusudia. Nimeweka kipya na sasa haingurumi mtu asipogusa koki. Unaona jinsi nilivyo mkweli: hata la kupasua nimekueleza.

Bandeji inatoka lini? Daktari anasemaje? Kiti cha dereva nimekipangusa vumbi, kinakungoja uje ukikalie kwa fujo zako.

Wako, Mkuu wa Maji (cheo kiko palepale)


5 Aprili

Kidomo,

Marahaba. Barua hii imechelewa kwa sababu kalamu ilikuwa imepotea.

Tunaendelea vizuri. Mtoto amepata jino, amelifanyia majaribio kwenye kidole changu. Dada yako ameniletea mtu wa kunisomea magazeti. Anasoma kama anayesoma mashtaka, nimemrudisha kwao.

Kiti cha dereva usikipanguse sana, kitambaa kitachakaa.

Nisikilize. Bwana wa mabati amekuja hapa mpaka sebuleni na vipimo vyake. Anataka jibu, na Dada yako anamkaribisha chai kila anapokuja, ndipo ujue yuko upande gani. Nimemwambia sitasema neno mpaka Mama Chaki akae ndani ya Kobe siku mbili, mahali pasipo na bomba hata moja. Nyuma ya kiwanda cha matofali panafaa. Ataendesha mwenyewe, ana leseni yenye umri mkubwa kuliko wako. Wewe utakuwa mtu wa maji. Akimaliza ataniandikia alivyoona, kwa mkono wake. Mimi sipo nione, kwa hiyo atakaloandika yeye ndilo nitakalofuata. Hajawahi kunidanganya hata kuhusu gauni.

Akisema maji yapo, tunaondoka, na wewe unapanda nyuma na spana zako. Akisema hayapo, Kobe anauzwa, nami sitamlaumu mtu.

Kwa hiyo punguza mdomo, ongeza macho.

Shangazi yako


29 Aprili

Shangazi yangu, safari imeiva.

Shikamoo. Nyumbani hatujambo, goti la Baba nalo halijambo, Mama anasema sufuria lisilolia huenda limekufa.

Mama Chaki alikuja na taulo tatu, ndoo yake mwenyewe endapo nitamwaibisha, na filimbi. Filimbi sikuuliza ni ya nini. Anaendesha kama anavyoandika ubaoni: polepole, na akimaliza kona anatazama nyuma kuona kama imenyooka. Mbuzi walitupita. Mmoja aligeuka kutuhurumia.

Tulikaa siku mbili kama ulivyoagiza, bomba hakuna hata la kuonyesha mtoto. Na maji, Shangazi, alipata. Alinawa, aliosha vyombo, na asubuhi ya pili akaoga akiwa wima, maji yakimshukia kichwani, tena ya vuguvugu. Aliimba mpaka watu wa matofali wakaacha kazi. Pampu ilinguruma vizuri sana, kama simba aliyelelewa kwenye nyumba ya watu wenye adabu.

Wakati anaoga mimi nilikuwa juu ya paa, naangalia hali ya hewa. Hali ya hewa ilikuwa nzuri. Mabega yananiuma kidogo, nadhani ni baridi. Watu wa matofali wanakusalimu. Ni watu wema, waliniazima madumu, nilitaka tu kuona yana ukubwa gani.

Basi mwambie bwana wa mabati akatafute ofisi kwingine. Mfuko wangu wa nguo umeshafungwa, na nimewaaga watu ambao hata hawakujua kwamba nipo.

Habari za bandeji hukunijibu.

Wako, Mkuu wa Maji Yote, Baridi na Moto


14 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Hapa tu wazima, mtoto amesimama wima kwa kushika pazia, sasa pazia hatuna.

Barua mbili zimefika siku moja, yako na ya Mama Chaki. Wewe umeandika pampu ilinguruma kama simba. Yeye ameandika hivi, nanakili: "Maji yalishuka kwa upole kama manyunyu, na asubuhi ile ya kuoga pampu yako ilikuwa tulivu ajabu. Sikusikia sauti yoyote ila mtu akitembea juu ya paa." Nimezisoma zote tena na tena. Ama yeye amekuwa kiziwi au wewe ni Kidomo yuleyule, na masikio ya Mama Chaki nayajua. Alikuwa anasikia mtoto anatafuna darasa la mwisho, yeye akiwa ofisini.

Sikugombezi bado. Na mimi nina la kusema, nilikuwa nalificha nyuma ya kalamu zilizopotea. Bandeji ilitoka wiki ileile uliyoniuliza. Jicho la kulia limerudi. La kushoto halikurudi wala halitarudi, na kuhusu usukani daktari amesema basi. Baba yako sijamwambia, ataanza kunihurumia kwa sauti. Niliposema Mama Chaki aendeshe mpaka kiwandani, nilitaka kujua kama anaweza kumwendesha Kobe badala yangu. Anaweza. Na amekubali. Tulipokuwa tunaota safari hii, dereva alikuwa mimi. Sasa nitakaa pembeni yake nimfokee kwenye kona, na hilo nalo nalitaka sana, Kidomo, kuliko unavyodhani.

Lakini ameandika kwamba amekubali kwa sababu ya yale maji. Atafunga nyumba yake, atashika usukani wa gari la mwenzake kipofu nusu, ili akaoge kama malkia huko njiani. Kama maji yale hayakutoka kwenye pampu, nijue leo. Afadhali Kobe awe ofisi ya mabati kuliko nimpeleke rafiki yangu mbali kisha koki zitoe hewa.

Bwana wa mabati anarudi mwisho wa mwezi. Sitamjibu mpaka nisome barua yako. Langu nimekwambia. Niambie lako.

Shangazi yako


22 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Majigambo yamekwisha, yamebaki mawili matatu ya dharura.

Wote wazima. Kuhusu jicho, nililia kidogo. Kisha nikakumbuka kwamba hata ulipokuwa na macho yote mawili uliligonga geti letu mara mbili, tena mchana, nikapata nafuu. Baba ananiona napenga kamasi anadhani ni mafua. Hatajua kutoka kwangu. Na Mama Chaki kwenye kona anafaa kufokewa, nitakusaidia kutoka nyuma.

Sasa langu. Siku ya kwanza pampu ilikuwa nzima na ilinguruma, yeye alikuwa nje. Aliporudi akafungua koki ya sinki, akatazama.

"Kijana, maji yako yana haya."

Neno lile liliniuma. Mimi, maji yangu yana haya. Alipotoka kwenda kuota jua nikafungua lile chujio nikalitoa kabisa, nikasema ndilo linalobana. Na kweli, yaliruka mpaka dirishani. Nikavimba. Sikujua kwamba chini ya tangi ulikuwa umebaki mchanga, nao ulikuwa unangoja mjinga afungue njia. Uliingia kwenye pampu ukaichana raba ya ndani, ile inayovuta na kusukuma. Asubuhi nikawasha swichi, ikazunguka na kulalamika, koki kavu. Na yeye amesimama mlangoni, taulo begani.

"Tayari?"

"Tayari kabisa, Mwalimu. Nipe dakika niipashe moto."

Nikakumbuka ulivyoandika, kwamba kwenye tundu la ubavuni maji yakisukumwa kutoka nje pampu inalala. Nikazima swichi, nikasema, je, yakishuka kutoka juu? Nikaazima madumu yaliyokuwa yameshinda juani pale kiwandani, ndiyo maana ya vuguvugu, nikayapandisha juu ya paa. Paipu ya kijani, mdomo mmoja ndani ya dumu, mwingine kwenye tundu. Yalikuwa membamba, lakini yalifika. Dirisha la bafu lilikuwa limefungwa, usinifikirie vibaya, nilimsikia tu.

"Kijana, mbona yamekatika?"

"Pampu inapumua, Mwalimu."

"Iambie mimi nina sabuni machoni."

Nikabadilisha dumu mbio kiasi kwamba nusu yake nilioga mimi. Ndipo akaanza kuimba.

Pampu imekwisha kutengenezwa. Mimi na bosi tumepata raba kwenye pampu nyingine ya aina ileile, iliyokufa kwa ugonjwa tofauti. Tangi nimelishusha nikalisuuza mpaka mchanga ukaisha, chujio limerudi mahali pake na sitaligusa tena hata likiniomba. Paipu ya kijani nimempa Mama amwagilie maua. Nimejaza, nimewasha, inanguruma mpaka mlango wa kabati unatikisika. Wakati hamtumii maji, swichi inazimwa. Kwa hiyo leo Kobe ana maji ya kweli, na ukiamua kumwuza utamwuza mzima, ingawa nitamwombea bwana wa mabati paa linalovuja.

Ningeweza kuishia hapo. Nilikuwa nimeishia hapo, nikakunja karatasi, nikaikunjua.

Mama Chaki bado hajui. Alipomaliza kuoga alitoka nje, taulo limemzunguka kichwani, akaniita nishuke kutoka kwenye paa. Nikashuka, nikasimama mikono nyuma kama niko darasani. Akasema anakumbuka siku aliponitoa mbele, darasa la nne, akawaambia wenzangu wanitazame vizuri, kwamba huyu atakula jasho la watu mpaka azeeke. Mimi nilidhani ameshasahau, walimu wanasema mengi. Hakusahau. Alisema lilimkaa kifuani, na nilipoacha shule likamkaa zaidi, na leo ameoga kwa kazi ya mikono yangu, kwa hiyo anaomba radhi. Aliinamisha kichwa, Shangazi. Mama Chaki, ambaye hata wakaguzi wa shule walikuwa wanaanza wao kumwamkia.

Madumu yalikuwa juu ya paa, yeye ameyapa mgongo. Angegeuka tu angeyaona. Nafasi ya kusema ilikuwepo pale pale, na wiki hii nimekwenda mpaka mlangoni kwake mara mbili nikarudi, kwa sababu ya nilichomjibu. Nilimshika bega, nikamwambia, "Usijali, Mwalimu. Nimeshakusamehe."